Kijiwe Kinapogeuka Genge

Mhadhara wa wazi kwa wazazi, walimu na viongozi wa serikali za mitaa, Dar es Salaam

Nimeombwa nieleze namna magenge ya vijana yanavyozaliwa, yanavyopata watu na yanavyosambaa. Nitazungumza zaidi kuhusu Dar es Salaam, kwa sababu jambo hili likizungumzwa juu juu kila mtu hutikisa kichwa, kisha akarudi nyumbani akiamini kuwa linamhusu jirani.

Jioni ya Ijumaa, tarehe 2 Januari 2015, jiji hili lilipatwa na taharuki ambayo wengi wenu mnaikumbuka. Kundi la vijana lilikuwa limetoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi kwa tuhuma za wizi. Wakati wa kurudi, baadhi yao wakaanza kupora watu njiani. Habari zilisafiri kwenye simu kwa kasi ambayo waporaji wenyewe wasingeiweza: wako Magomeni, wako Sinza, wanakuja Tabata. Maduka yakafungwa. Watu wakakimbia bila kujua wanamkimbia nani. Polisi walipotoa taarifa yao ilidhihirika kwamba uvumi ulikuwa umeyapita matukio kwa mbali. Ikafuata kamatakamata, mamia ya vijana wakaingia mahabusu, na nchi nzima ikalijua jina la Panya Road.

Utazameni vizuri mfuatano wa jioni ile. Kijana anauawa bila mahakama. Wenzake wanakutana makaburini wakiwa na uchungu na hasira. Wanalipiza kwa watu wasiohusika. Mji unawapa jina moja wote, waliopora na waliokuwa wamekaa tu vibarazani. Serikali inawazoa kwa pamoja. Ukitaka kulikuza kundi la vijana likomae haraka, ni vigumu kupata njia bora kuliko hiyo.

Hoja yangu kwenu leo ni moja. Genge huanza likiwa kundi la kawaida la watoto wanaofahamiana, na kinachoanza kuligeuza ni uadui: wa mtaa wa pili, wa polisi, na wa majirani waliowaona watoto wale wakijifunza kutembea. Kabla uadui haujakomaa upo muda, wala si mfupi, ambao mtu mzima anaweza kuketi na vijana hao akasikilizwa. Muda huo tunaupoteza kila mwaka.

Panya Road haikuwa ya kwanza. Wa rika langu wanawakumbuka Komando Yosso. Baadaye tukawasikia Mbwa Mwitu na Watoto wa Mbwa. Na zamani zaidi, serikali ya Waingereza ilikuwa ikiwasaka hapa mjini vijana wasio na ajira, ikiwaita wahuni na kuwarudisha kwao mashambani. Mwanahistoria Andrew Burton ameieleza habari hiyo kwa kirefu. Serikali yetu huru nayo ilijaribu. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, watu wakakamatwa mitaani na kupelekwa vijijini wakalime, na wengi wao wakarudi. Mji nao haukuacha kukua. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta watu wasiofika 300,000. Ya mwaka 2012 ilikuta zaidi ya milioni 4.3, ya mwaka 2022 zaidi ya milioni 5.3. Nayataja haya mapema ili atakayesimama baadaye kupendekeza wazolewe wote wapelekwe shamba, ajue kwamba pendekezo lake ni la zamani kuliko uhuru wetu.

Mwaka 1927 mwanasosholojia Frederic Thrasher alichapisha utafiti wake kuhusu magenge 1,313 ya mji wa Chicago. Chicago ya siku hizo ilikuwa imejaa wahamiaji, watu wa Poland, Italia na Ireland, wengi wakiishi kwenye mitaa iliyobanwa katikati ya viwanda na njia za reli. Thrasher aligundua kwamba magenge yaliota zaidi mahali ambapo taratibu za zamani zimelegea na mpya bado hazijashika. Aligundua pia kwamba mwanzo wake ulikuwa mdogo mno. Ni watoto wanaocheza kwenye kona. Wakigombana na watoto wa kona nyingine, wakifukuzwa na wenye maduka, wakikimbizwa na polisi, ndipo wanapoanza kujihesabu nani ni wetu na nani si wetu. Kiongozi anapatikana. Siri zinapatikana. Wanakuwa kitu kimoja kwa sababu kuna mtu wa kupambana naye.

Karibu miaka 100 imepita, na mimi nikipita Manzese, Vingunguti au Mbagala naona alichokiona. Nyumba za kupanga zimeshonana, barabara kubwa iko hatua chache, soko liko jirani, na kati ya nyumba na nyumba kuna vichochoro ambavyo mtoto wa miaka 10 anavijua kuliko askari yeyote. Wapangaji wanahama na kuhamia. Mjumbe wa shina hawajui nusu ya watu wake.

Wako watakaoniambia chanzo ni umaskini. Umaskini upo, na unauma, lakini peke yake haulielezi jambo hili. Vijiji vingi vya nchi yetu ni maskini kuliko Buguruni na havina magenge. Kule kijana wa miaka 14 akipita na kuku asiye wake, mtu wa kwanza atakayekutana naye atamuuliza kampata wapi, maana anamjua mama yake na babu yake. Na hapa mjini, kwenye nyumba moja ya vyumba sita, wavulana wanne wanaokula mlo mmoja kwa siku hawaibi chochote. Umaskini unamweka kijana barabarani. Atakayekutana naye pale barabarani ni habari nyingine.

Wako pia watakaosema ni malezi, na hapa huwa nashikwa na hasira kidogo. Mama anayetoka alfajiri kwenda soko la Feri kutafuta samaki wa kukaanga, akarudi usiku na ndoo kichwani, hajashindwa kulea. Anafanya peke yake kazi ambayo zamani ilifanywa na bibi, shangazi, wajomba na majirani. Tukimlaumu yeye tu tunajipunguzia sisi wengine mzigo.

Sasa tumfuate kijana mmoja wa kufikirika, ili tuone anaingiaje. Baba yake hayupo, au yupo lakini hana la kusema. Familia inakaa chumba kimoja na pazia. Alipokuwa na miaka minane alilala chini na dada zake, hapakuwa na tatizo. Alipofika miaka 14, sauti ikaanza kubadilika, na mama mwenyewe akaona haiwezekani tena. Mtoto wa kiume aliyebalehe hawezi kulala chumba kimoja na mama yake na dada zake. Basi anaambiwa, au anajiambia mwenyewe, akalale kwa wenzake. Anakwenda geto. Geto ni chumba alichopanga kijana wa miaka 20 na zaidi, mwenye godoro moja na redio, na hapo wanalala watano.

Naomba tukae kidogo kwenye jambo hili, kwa sababu sijalisikia likitajwa kwenye vikao vyetu vya usalama. Tunazungumzia bangi, tunazungumzia simu na picha za ovyo, tunazungumzia muziki. Hatuzungumzii kitanda. Maelfu ya wavulana wa jiji hili wanaacha kulala kwao wakiwa na miaka 14 au 15 kwa sababu ya heshima na nafasi, bila ugomvi wowote. Mchana wanarudi kula. Mama anajua mtoto yuko hapo mtaa wa pili, na kweli yuko. Lakini kuanzia saa nne ya usiku hadi alfajiri mlezi wake ni yule mwenye geto. Kama mwenye geto ni fundi gereji, kijana wetu atajifunza kufungua injini. Kama ni mtu wa kazi za usiku, atajifunza kazi za usiku. Imekuwa bahati nasibu.

Shule nayo inaachika kimyakimya. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na hatua hiyo imewasaidia wengi. Mimi ni miongoni mwa walioifurahia. Hata hivyo nauli ipo, sare ipo, njaa ya saa sita mchana ipo. Kijana anakosa siku mbili, kisha wiki. Akirudi anachapwa. Akichapwa mara kadhaa anaona bora akae kijiweni, ambako hakuna anayemchapa kwa kuchelewa.

Kijiweni wapo wakubwa. Mmoja anamnunulia chipsi mayai. Mwingine anamruhusu achaji simu. Wanampa jina la utani, na jina hilo linamkaa vizuri kuliko lile la kwenye daftari la mahudhurio, kwa kuwa amepewa na watu waliomtazama. Akitukanwa na watoto wa mtaa wa pili, wakubwa wanakwenda kumtetea. Hebu fikirini kijana ambaye hajawahi kutetewa na mtu anavyojisikia siku hiyo.

Kisha linakuja ombi dogo: nishikie hii simu mpaka kesho. Wiki nyingine: simama pale kwenye kona, ukiona difenda ya polisi piga mluzi. Anapewa elfu tano. Hakuna aliyemwambia amejiunga na kitu. Hakuna kiapo wala sherehe. Siku moja anakwenda nao, anabeba panga kwa sababu kila mmoja amebeba, na akirudi alfajiri ana siri ambayo hawezi kumwambia mama yake. Siri hiyo inamfunga kuliko kiapo. Ndiyo maana nikiulizwa magenge yanaandikishaje vijana, jibu langu huwakatisha tamaa waulizaji: sehemu kubwa hayaandikishi. Yanampokea mtu aliyekwisha kuachwa.

Tusiwasahau wasichana. Kwenye habari hizi wanatajwa kama wapenzi wa wahalifu, basi. Wengine wanatumika kuficha mali, kwa kuwa polisi hawawapekui haraka. Wengi wanafanyiwa ukatili na vijana wale wale, kisha wanaogopa kushtaki, maana mtaa mzima utauliza alikwenda geto kufanya nini.

Na sasa niseme kuhusu sisi watu wazima. Kijana wa miaka 16 aliyepora simu hana soko. Soko ni letu. Yupo anayeinunua usiku ule ule kwa bei ya kutupa, yupo fundi anayeifungua na kufuta kila kitu, na yupo mtu mwenye kazi yake nzuri ofisini anayeinunua bila risiti wala boksi, akifurahia kwamba ameipata nusu bei. Huyu wa mwisho ni mwanachama wa genge kama yule aliyesimama kwenye kona na mluzi. Hajui panga linashikwaje, lakini bila fedha yake panga lisingeinuliwa. Kila tunapokamata vijana 20 na kumwacha mnunuzi mmoja, tumebadilisha wafanyakazi tu.

Tuje kwenye kuenea. Watu hudhani genge linaenea kama jeshi: lina makao makuu, linatuma watu, linateka mtaa baada ya mtaa. Panya Road haikuhitaji hayo. Baada ya Januari 2015 kundi lolote la wavulana waliotembea usiku wakiwa zaidi ya kumi liliitwa Panya Road, na wavulana ambao hawakuwahi kukutana na wale wa Magomeni waligundua kwamba jina hilo likitamkwa watu wazima wanakimbia. Kwa kijana aliyedharauliwa maisha yake yote, hilo ni jambo kubwa. Jina lilihama bila mtu kuhama. Waandishi wa habari na sisi wenye vikundi vya WhatsApp tulilibeba bure.

Watu nao wanahama, bila shaka. Nyumba zinabomolewa kupisha barabara, kodi inapanda, familia inasogea pembezoni, na kijana anafika mtaa mpya akiwa na sifa za mtaa wa zamani. Mwaka 2022 uvamizi wa majumbani usiku ulirudi, na sehemu mojawapo ilikuwa Chanika, mbali kabisa na vichochoro vya katikati ya mji.

Njia nyingine ya kuenea ni gereza na mahabusu. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka aliye chini ya miaka 18 asichanganywe na watu wazima akiwa kizuizini. Ni sheria nzuri. Lakini nendeni kwenye kituo siku ya msako, vijana 60 wamezolewa usiku mmoja, muone nani ana nafasi ya kuwatenganisha. Na mtoto akihukumiwa kwenda shule ya maadilisho, hiyo ya Irambo iko Mbeya, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa. Mama wa Mbagala atakwenda kumwona mwanawe mara ngapi? Aliyeingia mahabusu kwa sababu ya kuzurura anatoka akiwajua watu wa Temeke, Gongo la Mboto na Bunju, ambao asingekutana nao maishani. Tumemfanyia utambulisho.

Wanaotaka kuona mwisho wa njia hiyo wautazame mkasa wa Mara Salvatrucha, lile genge linaloitwa pia MS-13. Lilianza Los Angeles miaka ya 1980, kwa watoto wa wakimbizi waliokimbia vita vya El Salvador. Mwanzoni walikuwa vijana wanaokutana kusikiliza muziki wa roki na kuvuta bangi. Waliandamwa na magenge makubwa yaliyokuwapo mjini, wakajihami, wakafungwa, wakatoka wakiwa wagumu zaidi. Miaka ya 1990 Marekani ikawarudisha El Salvador kwa wingi, nchi iliyotoka vitani juzi, yenye silaha nyingi na ajira chache. Wengine walikuwa wameondoka wakiwa wachanga, hawana hata shangazi wa kuwapokea. Wakakaa pamoja. Serikali ya kule ikatangaza sera ya mkono wa chuma mwaka 2003, magereza yakajaa, na ndani ya magereza hayo genge likapata uongozi wa nchi nzima ambao halikuwa nao kabla.

Jirani zetu wa Kenya wanatufundisha jambo jingine, nalo ni siasa. Mungiki ilianza miaka ya 1980 ikiwa kundi la kidini na kimila la vijana wa Kikuyu huko Bonde la Ufa. Ilipoingia Nairobi ikakuta mitaa isiyo na maji, umeme wala ulinzi wa kueleweka, na ikaanza kuuza vyote hivyo, pamoja na kutoza mabasi madogo ya matatu kila yanapoingia stendi. Machi 2002, katika ugomvi wake na kundi lililojiita Taliban, watu zaidi ya 20 waliuawa Kariobangi kwa usiku mmoja. Serikali ikaipiga marufuku mwaka huo huo. Marufuku haikuizuia kuhusishwa na mauaji ya Naivasha baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Jaji Waki, iliyohesabu vifo 1,133 katika machafuko yote yaliyofuata uchaguzi huo, ilieleza wazi jinsi wanasiasa walivyozoea kutumia vikundi vya vijana na kuvitelekeza baadaye. Mwaka 2010 Kenya iliharamisha vikundi 33 kwa mpigo. Mwaka 2016 ikatangaza orodha nyingine yenye karibu vikundi 90. Mombasa, katika Kisauni na Mji wa Kale, majina ya Wakali Kwanza, Wakali Wao na Wajukuu wa Bibi yamekuwa yakitajwa kila watoto wenye mapanga wanapopita. Orodha inarefuka kwa sababu mwanasiasa akishampa kijana fedha ya kampeni ili akavuruge mkutano wa mpinzani, amemfundisha bei ya kutisha watu. Kampeni inakwisha na bei inabaki. Vyama vyetu hapa navyo vimekuwa na vikundi vyake vya ulinzi. Naviomba vyama vyote vitafakari vijana hao wanakwenda wapi baada ya kura kuhesabiwa.

Najua swali linalowachoma. Septemba 2022 vijana walivamia nyumba huko Kawe usiku na mwanafunzi wa chuo kikuu akauawa. Siku chache baadaye polisi wakatangaza kuwaua watuhumiwa sita, na wananchi wengi wakashangilia. Kwa nini tusifanye kama Rais Bukele wa El Salvador, ambaye tangu Machi 2022 amewafunga watu zaidi ya 80,000 na mauaji yakashuka sana?

Siwezi kusimama hapa nikasema mauaji hayakushuka. Yameshuka, na wazazi wa kule waliokuwa wakilipa kodi ya genge kila wiki wamepumua. Lakini miongoni mwa waliofungwa walikuwamo maelfu ambao serikali yenyewe iliwaachia baadaye kwa kukosa ushahidi, na wengine wamefia gerezani kabla ya kufikishwa mbele ya hakimu. El Salvador ilifika huko baada ya kushindwa kwa miaka 30, ikiwa imekabiliana na magenge yenye bunduki, hazina na uongozi. Sisi tunakabiliana na wavulana wenye mapanga, ambao wengi wao wana mama anayejua walipo. Kuchukua hatua ile hapa ni kuwafanya kuwa kitu ambacho bado hawajawa. Na kijana aliyemwona mwenzake akipigwa risasi bila mahakama, anayemjua kuwa alikuwa mpiga mluzi tu, hatakuja kesho kumpa polisi kata taarifa. Muuaji wa yule mwanafunzi alistahili kukamatwa, kushtakiwa na kufungwa. Hilo ndilo tulilopaswa kulidai kwa sauti ile ile tuliyoshangilia nayo.

Kuna jambo linalonipa matumaini, na ningependa walimu walishike. Tafiti zilizowafuata vijana kwa miaka mingi katika miji ya Rochester, Denver na Seattle huko Marekani zilionyesha kwamba wengi walioingia kwenye genge hawakukaa sana. Kwa walio wengi ilikuwa mwaka mmoja au miwili. Kijana anapata kazi, anapata mtoto, anachoka kukimbia, anatoka. Kinachomzuia kutoka ni pale ambapo hakuna anayekubali kwamba ametoka. Fundi gereji hampokei, jirani anaficha kandambili akipita, polisi wanamkamata kila kukitokea wizi, kwa kuwa jina lake limo kwenye orodha. Mwishowe anarudi kwa wale wasiomwuliza kitu.

Daktari mmoja wa Marekani, Gary Slutkin, alifanya kazi Somalia miaka ya 1980 katika kambi za wakimbizi, akipambana na kifua kikuu na kipindupindu, na baadaye akashiriki vita dhidi ya UKIMWI katika ukanda wetu huu. Alichojifunza Afrika ni kwamba ujumbe wa afya hupokelewa ukiletwa na mtu wa pale pale, mkimbizi kwa mkimbizi. Aliporudi Chicago na kukuta vijana wanauana kwa risasi, akatumia njia ile ile. Mwaka 2000 wakaanza katika mtaa wa West Garfield Park kuwaajiri watu waliowahi kuwa kwenye magenge, wazunguke usiku, wasikie nani amemtukana nani, wakae na mwenye hasira kabla hajachukua bunduki. Matokeo hayakufanana kila mahali. Kwingine risasi zilipungua sana, kwingine hazikupungua. Palipofanikiwa, wale wapatanishi walikuwa wanajulikana na kuaminika mtaani.

Sisi watu hao tunao. Kila kata ina mtu mzima aliyewahi kuwa Komando Yosso, leo anaendesha bodaboda au anauza mitumba soko la Karume, na wavulana wa kijiweni wanamwita kaka na kumsikiliza. Hajawahi kualikwa kwenye kikao cha ulinzi shirikishi. Anaonekana kuwa na doa. Mimi nasema yeye ndiye aliyepaswa kukaa kiti cha mbele hapa leo.

Nimalizie kwa maombi. Kwa anayenunua simu bila risiti: acha. Kwa walimu wakuu wa shule za msingi: fungueni viwanja vyenu baada ya saa tisa na siku za Jumamosi, maana katika mitaa mingi hicho ndicho kiwanja pekee kilichobaki bila kujengwa. Kwa wenye misikiti na makanisa: mna kumbi zinazolala tupu usiku na mna wavulana wasio na mahali pa kulala, kaeni mlitazame hilo pamoja na wazazi wao, kwa uangalizi wa watu wazima mnaowaamini.

Na kwenu, wenyeviti wa serikali za mitaa. Matokeo ya darasa la saba hutoka kabla ya mwaka kwisha. Majina ya watoto wa mtaa wako waliofeli, na ya wale waliochaguliwa lakini hawakuripoti kidato cha kwanza, yapo shuleni. Ni watoto wachache, hawazidi uwezo wa kikao kimoja. Nendeni mkayachukue. Gawaneni majina hayo ninyi, wajumbe wenu, makocha wa timu za mtaani na mafundi, kila mtu mzima awe na watoto watatu au wanne anaowajua kwa sura, akijua wanalala wapi na kwa nani. Waendeeni nyumbani Januari ile ile, kabla hawajapewa majina mengine.